Elizabeth wa Kwanza alitawala miaka 44 kwa kutotoa majibu? Wapenda historia tukutane hapa

#1 MsomajiWaIlala
Habari za jioni wakuu.

Nina hoja ambayo nimeibeba kichwani wiki nzima, naomba muichambue kabla sijaizoea.

Elizabeth wa Kwanza alikalia kiti cha Uingereza kuanzia Novemba 1558 hadi Machi 1603. Aliikuta hazina ina madeni, na dini ya taifa imeshageuzwa na baba yake, ikageuzwa tena na mdogo wake Edward, ikarudishwa kwa Papa na dada yake Mary. Hana mume, hana mtoto, hana jeshi la kudumu. Bunge lake lilimbana kwa miaka mingi juu ya mambo manne: aolewe, ataje mrithi, amuue ndugu yake Mary wa Uskochi aliyedai kiti chake, na alisafishe kanisa zaidi. Hesabuni wenyewe alichowapa. Hakuolewa. Mrithi hakumtaja hadharani. Kanisa lilibaki pale alipoliweka 1559. Mary ndiye pekee waliyempata, tena baada ya miaka 15 ya kulia.

Mimi nasema silaha yake kuu ilikuwa kuchelewesha. Novemba 1586 wabunge walipomtaka atekeleze hukumu ya Mary, aliwaomba wapokee shukrani zake, wamvumilie na mashaka yake, na waridhike kwa sasa na jibu lisilo jibu. Kiongozi wa leo akijibu hivyo tunamwita dhaifu. Yeye alidumu miaka 44. Mnaonaje?

#2 Kijana_wa_Kihonda
Naweka kiti hapa mbele. Ila swali la haraka mkuu: Bunge lake lilikuwa linakutana kila mwaka kama la kwetu? Maana kama walikuwa wanakutana kila mwaka halafu anawakwepa miaka 44, huyo mama alikuwa hatari.

#3 MwalimuWaZamu
Hapana kijana, na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Mabunge 10, vikao 13, basi. Ukijumlisha siku zote walizokaa haifiki miaka 3 kati ya 44. Bunge lililochaguliwa 1572 lilikaa mwaka huo, likaitwa tena 1576, halafu kimya hadi 1581, na halikuvunjwa rasmi hadi 1583. Wabunge walewale, bila uchaguzi mpya.

Serikali ya kila siku ilikuwa baraza lake la ndani. Dada yake Mary alikuwa na washauri zaidi ya 40 kwenye orodha, Elizabeth alianza na kama 20 na akaendelea kuwapunguza. Bunge aliliita pale alipohitaji mambo mawili ambayo baraza halikuweza kumpa: kodi na sheria. Kwa hiyo MsomajiWaIlala, kabla ya kuchelewesha majibu, alichelewesha kikao chenyewe.

#4 BintiSayari
Mimi napinga tangu mwanzo. Mnaita silaha kitu ambacho kilikuwa kamari.

Oktoba 1562 alishikwa na ndui, washauri wakakaa wakidhani anakufa usiku ule. Mrithi hakuna. Angekufa, mmoja angesimama kwa ajili ya Mary wa Uskochi, mwingine kwa Catherine Grey, ndugu mwingine wa Malkia, na damu ingemwagika. Bunge la 1563 lilipomwomba aolewe au ataje mrithi, halikuwa umbea. Walikuwa watu waliochungulia kaburi la nchi yao. Akawapa maneno matamu, akawarudisha makwao. 1566 wakarudi na ombi lilelile, akawakemea. Alidumu kwa sababu mwili wake ulidumu. Angekufa 1562 tungekuwa tunaandika uzi juu ya mwanamke aliyeiangamiza nchi kwa kunyamaza.

#5 KatibuMstaafu
Salaam wote.

Nimeandika mihtasari ya vikao vya halmashauri kwa miaka 26, katika wilaya tatu. Naomba niwaambie mnaangalia mahali pasipo na kitu. Mnamtazama mwenye kiti, nami nawaambia mtazameni mwenye kalamu.

William Cecil aliteuliwa Katibu siku zilezile za kwanza, Novemba 1558. 1571 akapewa ubwana, akaitwa Lord Burghley. 1572 akawa Mweka Hazina Mkuu, akaishikilia hazina hadi alipofariki Agosti 1598. Karibu miaka 40 mtu mmoja mezani! Alikuwa na tabia ya kuchora karatasi katikati, upande huu faida, upande huu hasara, kila jambo kubwa la nchi. Karatasi hizo zimebaki hadi leo, na ukitazama mwandiko wake unaona mtu asiyependa kushtukizwa kikaoni.

Na Bunge liliendeshwaje? Spika kwa jina alichaguliwa na Baraza la Makabwela, yaani baraza la chini la Bunge. Kwa kweli jina lake lilikuwa limeshaamuliwa na wakubwa. Mshauri wa Malkia anasimama, anapendekeza, wote wanaitikia, mteule anajifanya hastahili, wanamwinua na kumkalisha kitini. Washauri walikaa karibu na kiti cha Spika, na sikio lake lilikuwa karibu na midomo yao. Miswada mikubwa ilikuwa imeshapikwa. Mimi katika kazi yangu azimio zuri nililiandika usiku kabla ya kikao, asubuhi wajumbe wanalifikia wenyewe wakidhani ni lao. Mwenyekiti anapigiwa makofi. Ni sawa, ndiyo kazi.

#6 Kijana_wa_Kihonda
Shikamoo mzee. Naona unamtetea katibu mwenzio 🙂

#7 KatibuMstaafu
Marahaba mwanangu. Namtetea kwa sababu nimekaa kwenye kiti kile.

#8 MsomajiWaIlala
Mzee Katibu nakubali mchango wako lakini una shida moja. Kama Cecil ndiye aliyeendesha yote, mbona hakupata alichokitaka? Cecil alitaka Malkia aolewe. Cecil alitaka suala la mrithi limalizwe. Cecil alitaka Mary auawe mapema. Mkono wenye kalamu ulisubiri kama mikono mingine.

#9 PwaniKwetu
Nawasalimu kutoka Mombasa. Nyote mnazungumza siasa, hamna anayezungumza pesa, na mimi ni mtu wa mahesabu.

Kwa nini hakuliita Bunge mara kwa mara? Kwa sababu kuliita Bunge maana yake ni kuomba kodi, na kuomba kodi maana yake ni kusikiliza malalamiko. Mama yule alibana matumizi. Alirekebisha sarafu mbovu 1560 na 1561, akaishi kwa mapato ya ardhi za Taji na ushuru wa forodha, akakwepa vita alivyoweza. Safari zake za kiangazi alikwenda kulala kwenye majumba ya mabwana, na wao ndio waliolisha msafara.

Na hizo kodi Bunge lilizopitisha, mwazijua zilikusanywa vipi? Kila tajiri alikadiriwa na majirani zake. Burghley, Mweka Hazina Mkuu mwenyewe, aliandikishwa kana kwamba kipato chake ni pauni 133, shilingi 6 na peni 8 kwa mwaka. Mapato yake ya kweli yalikuwa maelfu. Kama mkuu wa hazina aliandikwa hivyo, mwenye shamba wa Norfolk aliandikwa vipi? Ndiyo maana kodi moja iliyoleta kama pauni 140,000 mwanzoni mwa utawala ilileta kama 80,000 mwishoni, huku bei zikipanda. Hapo ndipo utulivu wake ulipotoka. Aliwaacha wakubwa wasilipe, nao wakamwacha atawale.

#10 BintiSayari
PwaniKwetu umenifungua macho na hiyo 133. Sikuwahi kuiona.

#11 Mtafiti_Mwanza
Wakuu mnasahau upande wa giza. Hapakuwa na utulivu, palikuwa na hofu. Peter Wentworth alisimama bungeni 1576 akasema uhuru wa kusema unauawa kwa uvumi na ujumbe kutoka kwa Malkia. Malkia akamtupa gerezani Tower. Hiyo ndiyo mbinu yake ya kuongoza Bunge.

#12 MwalimuWaZamu
Mtafiti, tarehe sahihi, mhusika sahihi, aliyemfunga siye. 1576 aliyempeleka Wentworth Tower ni Bunge lenyewe. Wenzake walimkatisha kabla hajamaliza hotuba, wakamhoji kupitia kamati, wakamfunga. Malkia ndiye aliyeruhusu atolewe kabla kikao hakijaisha.

Kwangu mimi hili linatisha kuliko ulivyolieleza. Mtawala hahitaji kukufunga ikiwa wenzako watamwahi.

Lakini sikukatalii hofu yote. 1587 Wentworth alifungwa tena, pamoja na Anthony Cope aliyeleta muswada wa kufumua kanisa. 1593 akafungwa tena kwa kuandaa hoja ya mrithi, na safari hiyo hakutoka, alifia humo. Mke wake alikuwa ndugu wa Walsingham, yule mkuu wa majasusi, na wala halikumsaidia. Mwaka huohuo wa 1593 mtunza muhuri, John Puckering, aliwaeleza wabunge kwa niaba ya Malkia kwamba uhuru wao wa kusema ni uhuru wa kusema ndiyo au hapana.

#13 Mtafiti_Mwanza
Nimerekebishika, asante mwalimu. Basi niongeze la 1559 ambalo nina uhakika nalo. Sheria ya ibada mpya ilipita Baraza la Malodi, baraza la juu la mabwana na maaskofu, kwa kura 21 dhidi ya 18. Tofauti ya kura tatu! Maaskofu wote waliohudhuria walipinga, na wawili kati yao, wa Winchester na wa Lincoln, walikuwa wameshawekwa Tower baada ya mdahalo wa dini. Wangekuwepo hao, hesabu ingebaki kura moja. Kanisa la Uingereza hadi leo limesimama juu ya kura zile tatu. Mkitaka kuita hiyo kuchelewesha, mimi siwezi.

#14 MamaHisa
Jamani na mimi nichangie, sijasoma historia chuoni ila huyu Malkia nimemsoma sana.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wanawake 30. Mwaka juzi nilipandisha faini ya kuchelewa bila kuwauliza. Walinyamaza wiki mbili, wiki ya tatu nikaona wamekaa kwa mafungu, hawaniangalii. Nikajua. Kabla ajenda haijasomwa nikasimama nikasema faini imefutwa, nimekosea, na waliolipa watarudishiwa. Ningesubiri dakika kumi wangeniondoa. Hapo ndipo nilipoelewa Novemba 1601.

Malkia alikuwa amezoea kuwalipa watumishi wake kwa hati za ukiritimba badala ya pesa. Huyu auze chumvi peke yake, yule siki, yule wanga wa kunyooshea kola, mwingine karata. Bei zikapanda, wananchi wakaumia. 1597 Bunge lililalamika, akaahidi kuzikagua, hakufanya kitu cha maana. 1601 wakalipuka. Orodha ya hati ikasomwa ndani ya Baraza, ndefu, kitu baada ya kitu, hadi mbunge kijana mwanasheria, William Hakewill, akasimama akauliza: mkate haumo humo? Watu wakashangaa, mkate? Akasema tusipoangalia, utakuwemo kabla ya Bunge lijalo.

Na Walter Raleigh, mmoja wa vipenzi vya Malkia, alikuwa amekaa mle ndani, yeye mwenyewe ana ukiritimba wa bati!

Sasa tazameni alichofanya. Hakungoja wapitishe sheria ya kumfunga mikono. Alitangaza kwamba hati mbaya zinafutwa na nyingine zitapelekwa mahakamani. Tarehe 30 Novemba Spika na wabunge kama 140 wakaenda Whitehall kumshukuru. Walipiga magoti. Alikuwa na miaka 68. Akaanza kusema, kisha akawaambia wainuke kwa sababu bado ana mengi. Akawaambia Mungu amemwinua juu, lakini fahari ya taji lake ni kwamba ametawala akiwa na mapenzi yao. Mwisho akataka wote waje kumbusu mkono kabla hawajarudi majimboni.

Mimi nikisoma hapo huwa nalia. Alikuwa ameshindwa, na waliomshinda wakaondoka wakidhani wamepewa zawadi.

#15 Kijana_wa_Kihonda
Mama, hii post yako nimeisoma mara mbili.

#16 BintiSayari
MamaHisa nakuheshimu, lakini wale wanawake zako 30 ulirudisha pesa zao. Yeye alirudisha nini? Ukiritimba uliendelea. Kesi ya karata za kuchezea iliamuliwa na majaji 1603, na mrithi wake akagawa hati nyingine nyingi hadi Bunge la 1624 likatunga sheria. Alitoa maneno, akabaki na mkoba.

#17 MamaHisa
Alirudisha heshima yao dada. Na aliwahi kurudisha pesa pia. 1566, walipombana juu ya ndoa na mrithi, aliwasamehe theluthi ya kodi waliyokuwa wanaijadili. Akasema pesa zikiwa mifukoni mwa raia wake ni sawa na zikiwa hazina. Hakuna mbunge anayerudi jimboni na habari hiyo akiwa amenuna.

#18 MwalimuWaZamu
Hiyo 1566 MamaHisa umeigusa, naomba niifungue zaidi maana ina mafunzo ya pande zote.

Kwanza aliwaita wajumbe wa mabaraza yote mawili, Novemba 5, akawachapa kwa maneno. Akawauliza, mimi sikuzaliwa nchi hii? Akasema ni mwanamke, ndiyo, lakini ana moyo kama wa baba yake, na hatalazimishwa kwa nguvu kufanya lolote. Akasema hata angefukuzwa nchini na gauni la ndani tu angeweza kuishi popote katika nchi za Kikristo. Halafu akatuma amri wasilijadili tena. Paul Wentworth, ndugu wa yule Peter, akauliza bungeni kama amri hiyo haivunji uhuru wa Bunge. Mjadala mkali. Malkia akaona mbali, akaiondoa amri, akasamehe theluthi. Karipio, amri, kurudi nyuma, zawadi. Yote ndani ya mwezi mmoja. MsomajiWaIlala, huo ni mwendo wa mtu anayechelewesha?

#19 MsomajiWaIlala
Mwalimu, mwisho wa mwezi huo mrithi alitajwa? Hakutajwa. Mimi nasimama palepale.

#20 KatibuMstaafu
Nilikuwa safarini, nimerudi. Nijibu namba 8, maana ni swali zuri.

Cecil hakupata alichokitaka, ndiyo. Lakini tazama jinsi alivyokitafuta. Malalamiko ya 1563 na 1566 hayakutoka kwa wabunge wakorofi peke yao. Washauri wa Malkia walikuwa nyuma ya malalamiko hayo, Cecil akiwemo. Yaani baraza lake la ndani, likishindwa kumshawishi chumbani, lilikwenda kumzungushia Bunge. Tunasema Malkia aliliongoza Bunge kupitia washauri. Kuna siku washauri waliliongoza Bunge dhidi ya Malkia.

Na mfano mkubwa ni Februari 1587. Alitia saini hati ya kumuua Mary tarehe 1, akamkabidhi katibu William Davison, halafu akaanza kusitasita. Washauri wakakutana kwa Burghley, wakakubaliana wote kwa pamoja kuituma bila kumwambia. Tarehe 8 Mary akakatwa kichwa Fotheringhay. Malkia aliposikia alipandwa na hasira, Burghley akafungiwa mlango kwa muda, na Davison akafikishwa mahakamani, akatozwa faini ya kumfilisi, akafungwa Tower.

Davison ndiye aliyenifanya nisilale siku nilipoisoma habari hii. Katibu anapewa karatasi yenye saini, na maagizo ya mdomo yasiyoeleweka. Akiituma ana kosa. Asipoituma ana kosa. Nimewahi kushikishwa karatasi ya namna hiyo, kiasi kidogo tu, kiwanja cha soko. Aliyesaini alikuja kusema hakukusudia, na barua ya onyo ikaja kwa jina langu.

#21 PwaniKwetu
Pole mzee wangu. Hilo la Davison ni zito.

#22 Mhamiaji_London
Wakuu nawasoma kutoka London. Jumamosi iliyopita niliwapeleka wanangu Westminster, nikapita mahali ambapo hawa watu walikuwa wanakaa, nataka niwaeleze kwa macho.

Makabwela walikutana kwenye kanisa dogo la zamani, St Stephen's. Liliungua 1834, lakini pamejengwa ukumbi mahali palepale, na sakafuni wameweka vishikizo vya shaba kuonyesha kiti cha Spika kilipokuwa. Mwanangu alisimama juu yake, mimi nikaenda mwisho wa ukumbi nikahesabu hatua. Jamani ni padogo. Mwaka 1601 wabunge walikuwa 462. Wasingeenea hata wangebebana. Walirithi viti vya wanakwaya, ndiyo maana hadi leo wanatazamana pande mbili.

Nilichojifunza pale ni hiki: hakuna siri katika chumba kile. Ukikohoa mshauri wa Malkia amekusikia. Mzee Katibu aliposema sikio la Spika lilikuwa karibu na midomo yao, sikuwa nimeelewa ni karibu kiasi gani.

#23 Mtafiti_Mwanza
Na hao 462, Elizabeth mwenyewe aliongeza viti 62. Wengine wanasema aliongeza ili ajaze watu wake.

#24 MwalimuWaZamu
Wanasema, ila ukifuatilia, wengi wa miji ile iliombewa viti na mabwana waliotaka kuwapa nafasi vijana wao. Malkia hakuhangaikia nani aketi. Alihangaikia wanachojadili.

#25 PwaniKwetu
Mhamiaji, lile rungu la dhahabu linalowekwa mbele ya Spika uliliona? Huku kwetu nikiona siwa inaingizwa bungeni huwa nafurahi na kuhuzunika. Jina ni letu. Siwa ni baragumu la Lamu na Pate, ya shaba na ya pembe za ndovu, ilipulizwa kwenye harusi na tohara za wakubwa na siku ya kutawazwa mfalme. Leo jina hilo limevishwa rungu la Kiingereza lisilotoa sauti. Natamani siku moja ipulizwe.

#26 Kijana_wa_Kihonda
Hili la siwa kuwa baragumu sikulijua kabisa! Tunatoka nje ya mada lakini endelea.

#27 PwaniKwetu
Hatutoki sana. Zama hizohizo za Elizabeth meli ya Kiingereza Edward Bonaventure, nahodha James Lancaster, iliingia Zanzibar mwishoni mwa 1591 ikakaa hadi Februari 1592 kungoja upepo. Wareno walikuwapo na kituo chao cha biashara. Mwaka uliofuata Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus hapa Mombasa. Na mfalme wao ni nani? Philip wa Hispania, huyohuyo aliyetuma manowari kumng'oa Elizabeth 1588, kwa maana tangu 1580 alikuwa ameshaimeza Ureno. Nikipita chini ya kuta zile namkumbuka mama yule. Adui yake alikuwa jirani yetu. Na huyo Lancaster ndiye aliyeongoza safari ya kwanza ya Kampuni ya India Mashariki, ambayo Elizabeth aliipa hati siku ya mwisho ya mwaka 1600. Hati ya ukiritimba, MamaHisa.

#28 MamaHisa
Mwaka mmoja kabla ya ile hotuba! Sikuwahi kuziweka pamoja.

#29 MsomajiWaIlala
Turudi kidogo wakuu. Hadi sasa nina maelezo matano mezani na hayapatani: kuchelewesha, katibu, pesa, hofu, na kujua kurudi nyuma mapema. Kuna la sita?

#30 MtumishiWaMkoa
Lipo. Hakuna aliyetaja nchi yenyewe. Uingereza ya wakati ule haikuwa na maafisa tarafa wala polisi. Sheria ya Bunge ilifika kijijini kupitia mahakimu wa amani, wenye mashamba wa eneo hilo, wasiolipwa. Wao walikagua mishahara ya vibarua chini ya sheria ya 1563, wao walisimamia ushuru wa maskini chini ya sheria za 1598 na 1601. Na hao, au kaka zao, ndio waliokaa bungeni. Sasa ukimvunjia heshima mbunge unamvunjia heshima hakimu wako, na Januari hakuna wa kutekeleza kitu. Ndiyo maana alipowarudisha majimboni aliwabembeleza. Walikuwa serikali yake yote nje ya London. Mimi nafanya kazi mkoani na nawaambia, waraka bila mtu wa kuusimamia kule chini ni karatasi.

#31 KatibuMstaafu
Hili nalipokea kwa mikono miwili.

#32 MwalimuWaZamu
Na linaungana na jambo ambalo wasomi wamelibadilisha. Zamani ilifundishwa kwamba Mabunge ya Elizabeth yalikuwa mazoezi ya mapinduzi ya miaka ya 1640, Wapuritani, wale Waprotestanti waliotaka kanisa lisafishwe zaidi, dhidi ya Taji. Baadaye wakachambua miswada yenyewe, wakakuta sehemu kubwa ni ya ngozi, bandari, madaraja, nguo za sufu, ardhi ya familia fulani. Watu walikuja kumalizana na shida zao. Mimi niliwafundisha wanafunzi toleo la kwanza kwa miaka tisa, ikabidi nirudi darasani niwaombe radhi.

Ila siwezi kuwafuta akina Wentworth pia. Mtu hafii gerezani kwa sababu ya ngozi. Na mbinu nyingine ambayo hamjaitaja ni kumvuta mkosoaji ndani: Robert Bell alilalamikia hati za upendeleo 1571, akaitwa mbele ya baraza, akarudi bungeni uso umebadilika hadi wenzake wakaogopa kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata Bell huyohuyo ndiye Spika.

#33 Kijana_wa_Kihonda
Kuhusu Spika nimekutana na kisa cha Popham. Malkia alimuuliza, Bwana Spika, kimepita nini bungeni? Akajibu, ukipenda Mtukufu, zimepita wiki saba. Nimecheka peke yangu kwenye daladala hadi watu wakanitazama.

#34 BintiSayari
Nami nicheke kidogo, halafu niseme la mwisho kwa leo.

Mmeeleza vizuri miaka 30 ya kwanza. Nielezeni miaka 15 ya mwisho. Vita na Hispania kuanzia 1585, Ireland inawaka, mavuno mabaya mfululizo 1594 hadi 1597. Leicester amekufa 1588, Walsingham 1590, Burghley 1598. Viti vinabaki wazi au vinajazwa na watoto wa walewale. Bwana Essex, kijana aliyekuwa kipenzi chake, anaandamana na silaha London Februari 1601 na kukatwa kichwa mwezi huohuo, kwa sababu hakufanyiwa upya ukiritimba wa mvinyo. Ardhi za Taji zinauzwa, deni analoacha linazidi pauni 300,000. Na mfumo wa kodi uleule wa pauni 133. Kila alichokiahirisha alimwachia aliyefuata, na aliyemfuata wa pili alikatwa kichwa na Bunge.

#35 Mtafiti_Mwanza
Dada Sayari, zamu yangu kurekebisha: mvinyo ulimfilisi Essex, lakini kabla ya hapo alikuwa ameshaondoka Ireland bila ruhusa 1599, akaingia chumbani kwa Malkia asubuhi, Malkia akiwa hajavaa wigi. Alishapoteza vyeo vyake. Ukiritimba ulikuwa kamba ya mwisho.

#36 BintiSayari
Sawa, nakubali. Deni je?

#37 Mtafiti_Mwanza
Deni sina jibu.

#38 PwaniKwetu
Sehemu ya deni lile Bunge lilikuwa limeshalipitishia kodi 1601, ilikuwa bado haijakusanywa. Kwa vita ya miaka 18, mimi kama mtu wa mahesabu naona alibana vizuri. Lakini kodi yenyewe kutofumuliwa, hapo sina cha kumtetea.

#39 KatibuMstaafu
Namalizia na hili la mrithi, kwa sababu MsomajiWaIlala amelishikilia tangu namba 1.

Malkia hakumtaja. Lakini kuanzia 1601 Robert Cecil, mwana wa Burghley, Katibu kama baba yake, alikuwa akiandikiana barua za siri na James wa Uskochi. Ndani ya barua watu walitajwa kwa tarakimu. James alikuwa 30, Cecil 10, Malkia 24. Elizabeth akafariki usiku wa kuamkia Machi 24, 1603, huko Richmond. Asubuhi hiyohiyo Robert Cecil alisimama London na karatasi mkononi, akasoma tangazo kwamba mfalme ni James. Hakuna upanga uliochomolewa. Tangazo lilikuwa limeshaandikwa siku kadhaa kabla, na rasimu ilikuwa imeshapelekwa Uskochi, James akaiona.

#40 MsomajiWaIlala
Mzee, na yeye alijua kuhusu hizo barua?

#41 KatibuMstaafu
Kauli mbiu yake mojawapo ilikuwa naona na nanyamaza. Mimi nadhani alijua.

#42 BintiSayari
Na mimi nadhani hakujua. Kesho jioni naleta sababu zangu, msifunge uzi.